Simeon Nyachae

Simeon Nyachae (6 Februari 1932 – 1 Februari 2021) alikuwa mtumishi wa umma, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Kenya, aliyeongoza siasa za Wagusii kwa miaka mingi. Alizaliwa Nyaribari, Kisii, mtoto wa Chifu Musa Nyandusi, mtawala mashuhuri wa Gusii wakati wa ukoloni.

Baada ya uhuru alipanda vyeo katika utawala wa mikoa, akawa Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa, kisha wa Kati. Katika miaka ya 1980 alikuwa Katibu Mkuu wa Serikali chini ya Rais Daniel arap Moi. Sambamba na utumishi huo alijenga utajiri kupitia kilimo na viwanda, hasa kampuni ya Sansora iliyooka mikate mjini Kisii.

Mwaka 1992 alichaguliwa mbunge wa Nyaribari Chache, akateuliwa waziri. Akiwa Waziri wa Fedha, alijulikana kwa kubana matumizi ya serikali. Mwaka 1999 alihamishiwa wizara nyingine, akajiuzulu.

Mwaka 2002 aligombea urais kwa chama cha Ford-People na kushika nafasi ya tatu nyuma ya Mwai Kibaki na Uhuru Kenyatta, huku chama chake kikizoa viti vingi vya Gusii. Mwaka 2004 Kibaki alimteua Waziri wa Nishati, na baadaye wa Barabara. Alipoteza kiti cha ubunge mwaka 2007, akastaafu siasa.