Kijazapengo si Kiburudisho
Katika miaka ya 1950, vipindi vingi vya televisheni ya BBC, Uingereza, vilitangazwa moja kwa moja kutoka studio. Baina ya kipindi na kipindi, au mitambo ilipoharibika, watazamaji walionyeshwa filamu fupi. Mashuhuri ni ile ya mwaka 1953 ya mikono ya mfinyanzi katika gurudumu lake. Hicho chafaa kuitwa kiburudisho: kilikusudiwa kumtuliza mtazamaji anayengoja. Siku hizi, katika idhaa za televisheni zipitazo kwenye intaneti, kompyuta hupima sekunde zilizobaki, kisha huchagua filamu au tangazo la kutosha muda huo. Hicho ni kijazapengo, kwani kipimo chake ni muda. Mfasiri akiyachanganya maneno haya mawili, atakuwa ameifuta tofauti hiyo ya kihistoria.