Mbaazi: Lishe inayoondoka Babati kwa magunia

Ukitaka kujua wakulima wa Babati wanapata wapi hela, angalia malori ya mbaazi kuanzia Agosti. Ukitaka kujua watu wanakula nini, pita kwa mama lishe yeyote mjini saa saba mchana: ugali wa sembe, wali maharage, kabichi, nyama kwa mwenye nazo. Mbaazi huwa ni za kubahatisha.

Zao lipo shambani kabisa. Huku mbaazi hupandwa pamoja na mahindi kwenye shamba moja. Mahindi yanavunwa kwanza, mbaazi zinabaki zimesimama na kuvunwa baadaye. Sokoni mbaazi za Babati zina jina kwa punje zake kubwa nyeupe. Sehemu kubwa inakwenda India, ambako wanaondoa ganda, wanapasua punje na kupika dal, chakula chao cha kila siku. Yaani tunawauzia lishe yao, halafu sisi tunarudi nyumbani kutafuta mboga.

Watu wengi waliijua biashara hii mwaka 2017 ilipoharibika. Agosti mwaka huo India iliweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka. Bei ikaporomoka, kutoka juu ya Sh2,000 kwa kilo miaka iliyotangulia hadi chini ya Sh500. Mbaazi zikabaki ndani, na viongozi wakaanza kuhimiza wananchi wazile. Mei 2021 India ikafungua tena milango, bei ikapanda, na ule wito wa kula mbaazi ukasahaulika. Hapo ndipo tatizo lilipo: mbaazi inaingia sufuriani bei ikiwa mbaya, bei ikiwa nzuri inauzwa mpaka punje ya mwisho.

Kuna nini ndani ya mbaazi?

Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini kama gramu 22, sawasawa na maharage, na nyuzinyuzi gramu 15. Madini ya chuma yapo, potasiamu ipo nyingi, na foliki asidi ndiyo usiseme. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizoiva kinampa mjamzito karibu theluthi moja ya foliki asidi anayohitaji kwa siku. (Vidonge vya FEFO vya kliniki bado unatakiwa umeze, mbaazi haichukui nafasi yake.)

Jambo kubwa zaidi ni jinsi inavyoshirikiana na ugali. Protini imejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi, na mwili unavihitaji vyote. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja muhimu, laisini. Mbaazi, kama jamii yote ya kunde, zina laisini ya kutosha, ila zina upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukila pamoja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Makande ya bibi yalikuwa yanafanya kazi hiyo tangu zamani.

Kwa watoto hili ni suala zito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 34 mwaka 2015/16. Tumepiga hatua, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi. Na kudumaa kunatokea hata kwenye nyumba zenye ghala lililojaa mahindi, kwa sababu mtoto anashiba uji na ugali bila kupata vingine. Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza kula, mbaazi zilizoiva sana, zikapondwa na kuchujwa ganda, zinachanganyika vizuri na uji au viazi. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama tu.

Hesabu ya gunia

Tuchukulie familia ya watu watano, kila mtu anapata gramu 50 za mbaazi kavu kwa mlo. Hiyo ni robo kilo kwa sufuria. Mkipika mara nne kwa wiki ni kilo moja, na kwa mwaka ni kilo 52, yaani nusu gunia na kidogo.

Kama bei ni Sh2,000 kwa kilo, umeacha kuuza mbaazi za Sh104,000. Inaonekana hela nyingi siku mnunuzi amesimama mlangoni na mizani. Lakini igawe: ni Sh500 kwa mlo wa familia nzima, Sh100 kwa kichwa. Kwa Sh500 hupati hata robo ya nyama. Kwa hiyo mkulima anayeuza zote Septemba, halafu Januari anakwenda dukani na sokoni kutafuta mboga, kwa hesabu hii anajipunja mwenyewe. Nusu gunia liwekwe pembeni kabla mnunuzi hajafika, maana akishafika hakuna anayekumbuka.

"Zinajaza gesi, zinachelewa kuiva"

Malalamiko haya ni ya kweli, na dawa yake ni maji. Chambua, osha, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji na uchemshe kwa maji mapya. Zilizolowekwa huiva kwa takriban saa moja na gesi inapungua. Ambazo hazikulowekwa zitakula mkaa wako wote. Kama tumbo halijazoea, anza na kidogo.

Nyanya na limau visiingie kabla mbaazi hazijaiva, kwa sababu uchachu unafanya ganda likaze. Magadi, ambayo wengi tunaweka ili ziive haraka, yanaharibu sehemu ya vitamini B. Ukishaloweka hutayahitaji.

Pwani wanaziunga kwa nazi na kula na maandazi asubuhi. Huku nazi inatoka mbali, lakini karanga za kusaga zinafanya kazi nzuri, au kitunguu, nyanya na mafuta kidogo ya alizeti, ambayo mkoa wetu wa Manyara unayo. Zikiwa mbichi, bado kijani kwenye maganda, zinaiva haraka na ni tamu kuliko kavu. Wengi wanaolima wanalijua hili na wanazila kimyakimya shambani.

Kamulia limau wakati wa kula, au weka mboga ya majani pembeni. Vitamini C inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi. Chai inafanya kinyume, kwa hiyo kikombe cha chai ya rangi kisubiri kama saa moja baada ya kula. Kwa upande wa majani, mnavu, mchicha, majani ya maboga na ya kunde yana virutubishi vingi kuliko kabichi. Osha kwanza ndipo ukate, pika muda mfupi, na weka mafuta kidogo, kwani vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Siku ukipata perege wa Ziwa Babati au dagaa, ongeza. Hakuna anayesema uache nyama.

Na ugali je, sembe au dona?

Dona ni bora, kwa sharti moja. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, pumba na kiini vinaondoka, navyo vinaondoka na nyuzinyuzi, mafuta, madini na sehemu kubwa ya vitamini B. Kinachobaki ni wanga mweupe. Ukinunua sembe ya pakiti, tafuta nembo inayoonyesha imeongezwa virutubishi.

Sharti ni kwamba mahindi yawe safi. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Wagonjwa 68 waliripotiwa, 20 wakafariki. Sumu hii haiishi kwa kuchemsha, na hujikusanya zaidi sehemu za nje za punje, zile zile zinazobaki kwenye dona. Kwa hiyo usipeleke mashineni mahindi yaliyooza, yenye ukungu au yaliyobadilika rangi, na usimpe kuku wala ng'ombe. Kausha juu ya turubai, si kwenye udongo, na weka magunia juu ya mbao mbali na ukuta. Saga dona kidogo kidogo, la wiki mbili hivi, kwa sababu mafuta ya kiini huufanya unga uchache mapema.

Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kwanza kabla ya kuongeza mbaazi, kwa sababu ya ile potasiamu.

Kuhusu kuhifadhi, adui mkubwa ni wadudu wanaotoboa punje, ambao wanaweza kuwa wameshaingia tangu mbaazi zikiwa shambani. Zianike zikauke mpaka ukiuma punje inavunjika, kisha zifunge kwenye mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani. Wadudu wanakosa pumzi na kufa bila dawa yoyote. Gawanya akiba yako kwenye mifuko miwili au mitatu, kwa sababu kila unapofungua mfuko mkubwa kuchota kikombe, hewa inaingia tena.