Mali ya Akili ni ya Nani? Historia Fupi kutoka Wisconsin

Kila mwaka wanafunzi wetu huuliza: mhadhiri anayelipwa mshahara na chuo akiandika moduli au kukusanya istilahi, kazi hiyo ni ya nani? Kabla ya kujibu, tuangalie Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambacho kililikabili swali hili mapema.

Mwaka 1890 Stephen Babcock, mtafiti wa chuo hicho, alivumbua njia ya kupima mafuta yaliyomo katika maziwa. Hakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi bila idhini. Njia yake ikaenea bure, na aliyezoea kutia maji katika maziwa akaumbuka.

Harry Steenbock alishika njia nyingine. Mwaka 1923 aligundua kuwa chakula kikimulikwa kwa miale ya urujuanimno hupata vitamini D, ambayo huwakinga watoto na ugonjwa wa matege. Mwaka 1924 aliomba hataza. Mwaka uliofuata wahitimu wa chuo waliunda wakfu, WARF, wa kuisimamia na kuyarudisha mapato kwenye utafiti. Fedha hizo zilikisaidia chuo hata wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930.

Hata hivyo, Wisconsin ni jimbo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wakfu uliwanyima idhini watengenezaji wa majarini, mshindani wa siagi, ilhali majarini ilikuwa chakula cha wasioweza kununua siagi. Katika miaka ya 1940 mahakama ya rufaa iliibatilisha hataza hiyo, ikieleza kuwa jua lilikuwa likiifanya kazi hiyo tangu zamani. Suala la majarini nalo halikuachwa bila kuguswa.

Mwaka 1980 sheria ya Bayh-Dole iliviruhusu vyuo vya Marekani kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na serikali yao, na sera za aina hii zikaenea duniani. Hapa Uganda, Sheria ya Hakimiliki ya 2006 ilimpa mwajiri hakimiliki ya kazi iliyofanywa katika ajira, isipokuwa mkataba useme vingine. Chuo Kikuu cha Makerere nacho kilipitisha sera yake mwaka 2008.

Kwa hiyo, jibu la wanafunzi wetu limo katika mkataba, na hapo ndipo sisi walimu wa lugha tunapozembea. Tunatia saini bila kusoma. Pia tunasahau swali la pili, ambalo Wisconsin inatufundisha: mwenye haki akishapatikana, nani atanyimwa? Kamusi isiyomfikia mwanafunzi wa kijijini ni kama vitamini iliyozuiwa isifike katika majarini.

Tusome sera za vyuo vyetu, tuulize, tuandikiane. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.