Makosa Yaliyohifadhiwa: It'll Be Alright on the Night

Zamani mchezaji alipoteleza ulimi mbele ya kamera, kipande kile cha filamu aghalabu kilikatwa kikatupwa, au kikafichwa na mafundi wakakitazama kwa faragha na kucheka wao kwa wao. Hata ilipofika Septemba 1977, London Weekend Television, mojawapo ya kampuni za ITV huko Uingereza, ikaona kuwa takataka hizo ni mali, ikazikusanya na kuzionyesha hadharani katika kipindi chenye jina lililotokana na kauli ya watu wa tamthilia, ambao mazoezi yakiwaharibikia hujipa moyo kwamba usiku wa onyesho mambo yatakuwa sawa.

Kukusanya makosa hakukuwa jambo jipya, kwani Mmarekani Kermit Schafer alikwisha kuyauza kwa sahani za santuri tangu miaka ya 1950. Lililokuwa jipya ni mtangazaji wa kipindi hicho, Denis Norden (1922–2018), mwandishi wa vichekesho vya redio na mwenziwe Frank Muir, aliyesimama na kibao cha kubania karatasi mkononi, mwenye staha kama karani asomaye daftari la hesabu. Na kwa rai yetu, ilikuwa staha ile, kuliko makosa yenyewe, iliyowavunja watu mbavu.

Katika miaka ya mwanzo toleo moja lilitengana na jingine kwa mwaka au zaidi, maana makosa mazuri hayaagizwi. Norden alistaafu 2006. Wakamfuatia Griff Rhys Jones, kisha David Walliams.