Peter Green: Mcharazaji gitaa aliyeasisi Fleetwood Mac kisha akaukimbia utajiri wake

WENGI wanaolifahamu jina la Fleetwood Mac hulihusisha na albamu ya Rumours ya mwaka 1977, iliyouza zaidi ya nakala milioni 40 kote duniani na kuwafanya waimbaji Stevie Nicks na Lindsey Buckingham kuwa matajiri wa kutajika. Ni wachache wajuao kwamba bendi hiyo iliasisiwa miaka 10 kabla ya hapo kama kikundi cha kupiga muziki wa bluzi, na kwamba mwaka ule ule ambao Rumours ilikuwa ikitawala chati, mwasisi wake alikamatwa na hatimaye kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Uingereza.

Mwasisi huyo ni Peter Green. Alizaliwa Oktoba 29, 1946 katika mtaa wa Bethnal Green, mashariki mwa London, katika familia ya Kiyahudi isiyokuwa na mali nyingi. Jina lake kamili lilikuwa Peter Allen Greenbaum. Kaka yake ndiye aliyemfunza kushika nyuzi za kwanza za gitaa, na yaliyosalia alijifunza mwenyewe. Kabla ya muziki kumpa riziki, alikuwa mwanagenzi katika duka la nyama.

Ili kumwelewa Green, sharti kwanza kuelewa hali ya muziki mjini London miaka hiyo. Bluzi ni muziki uliobuniwa na Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, watoto na wajukuu wa watumwa waliofanya kazi katika mashamba ya pamba. Walipohamia miji ya kaskazini kama Chicago kutafuta ajira viwandani, walibeba muziki wao na kuutia gitaa la umeme. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, vijana wa Kiingereza walizinunua santuri za Muddy Waters, B.B. King na wenzao kwa uchu ambao Wamarekani weupe wengi hawakuwa nao wakati huo. Walipoanza kuupiga wenyewe, kwa sauti ya juu na kwa mdundo mzito zaidi, ukazaliwa mseto wa bluzi na roki.

Chuo cha mseto huo kilikuwa bendi ya John Mayall, Bluesbreakers. Mchezaji nyota wake, Eric Clapton, alikuwa akiabudiwa na mashabiki kiasi cha baadhi yao kuandika kwenye kuta za London kwamba yeye ni Mungu. Mwaka wa 1965 Clapton alipofunga safari ya kwenda Ugiriki, Green alimshikia nafasi kwa maonyesho machache, kisha mwenyewe akarudi na kijana akaondolewa. Julai 1966 Clapton alipohama kwenda kuunda kikundi cha Cream, Mayall alimwita Green tena, mara hii kwa kazi ya kudumu.

Kumrithi Clapton haikuwa kazi ya kuonewa wivu. Mtayarishaji Mike Vernon alishtuka bendi ilipofika studioni bila ya Clapton, naye Mayall akamtuliza kwa kumwambia kwamba kijana aliyemleta angempiku aliyeondoka. Majigambo hayo yaliteteewa na albamu ya A Hard Road, iliyotolewa Februari 1967. Humo mna kibao kisicho na maneno, The Supernatural, ambamo Green anaishika noti moja na kuiacha ilie kwa muda mrefu kabla ya kuihama. Hapo ndipo tofauti yake na wenzake ilipojitokeza. Wakati wapiga gitaa wengi wa London walishindana kwa kasi, yeye alipiga kidogo, akanyamaza, kisha akapiga tena. Ukimya ulikuwa sehemu ya muziki wake. B.B. King mwenyewe, aliyekuwa bingwa wa mtindo huo, aliusifu mlio wa gitaa la Green kuwa mtamu kuliko wote aliopata kuusikia.

Sehemu ya utamu huo ilitokana na chombo chenyewe. Green alikuwa na gitaa aina ya Gibson Les Paul la mwaka 1959, ambalo sumaku ya kinasa sauti chake cha karibu na shingo ilikuwa imegeuzwa. Vinasa viwili vya gitaa hilo vilipotumiwa pamoja, sauti zao zilikinzana badala ya kushikana, na kutoa mlio mwembamba, wa puani, unaofanana na sauti ya mtu anayelalama. Hata hivyo, wengi wamejaribu kuzigeuza sumaku za magitaa yao bila kuupata ule mlio. Mkono wake ulikuwa na mchango mkubwa zaidi.

Katikati ya 1967 Green alijiondoa kwa Mayall. Aliandamana na mpiga ngoma Mick Fleetwood, aliyewahi kuwa naye katika bendi ya Peter Bardens, na Jeremy Spencer, aliyebobea katika kupiga gitaa kwa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mpiga gitaa la besi aliyetakiwa alikuwa John McVie, lakini huyu alisitasita kuuacha mshahara wa uhakika wa Mayall, hivyo Bob Brunning akamshikia nafasi kwa wiki chache. Green, ambaye jina lake ndilo lililokuwa likiwavuta watu, alikataa bendi iitwe kwa jina lake. Aliunganisha majina ya mpiga ngoma na ya yule mpiga besi ambaye hata alikuwa hajajiunga nao. Ndivyo lilivyopatikana jina Fleetwood Mac, na limewafaa wawili hao pakubwa: wanachama wengine wote waliweza kubadilishwa, wao wakasalia na bendi.

Bendi ilijitokeza hadharani kwa mara ya kwanza Agosti 13, 1967 katika tamasha la Windsor. Albamu ya kwanza ilitoka Februari 1968 na kupanda hadi nambari nne nchini Uingereza, jambo la kushangaza kwa muziki ambao hadi hapo ulidhaniwa kuwa wa vilabu vidogo. Mwaka huo huo Green alitunga Black Magic Woman, ambao haukufika mbali ulipotolewa na bendi yake. Miaka miwili baadaye Carlos Santana aliupiga upya, akautia midundo ya Kilatini na kuufanya maarufu duniani, hivi kwamba wengi hadi leo huamini ni utunzi wake.

Agosti 1968 bendi ilimwongeza Danny Kirwan, mpiga gitaa wa miaka 18, na mwishoni mwa mwaka huo ikatoa Albatross. Kibao hiki hakina neno hata moja. Fleetwood anapiga ngoma taratibu kwa vijiti vyenye vichwa laini, kama mawimbi yanayopiga ufuo, na magitaa ya Green na Kirwan yanaelea juu yake. Mwanzoni mwa 1969 Albatross ilikuwa nambari moja nchini Uingereza, na ndio wimbo pekee wa Fleetwood Mac, wa kipindi chochote, uliopata kufika hapo. George Harrison wa Beatles alikiri kwamba wimbo wao Sun King ulichochewa nao.

Januari 1969, huku Albatross ikitamba nyumbani, bendi ilikuwa Chicago katika studio za Chess, ikirekodi pamoja na Willie Dixon, Otis Spann, Buddy Guy na wakongwe wengine. Kwa vijana waliojifunza bluzi kutoka kwenye santuri, huko kulikuwa ni kwenda kuketi na walimu wao. Rekodi hizo hazina ufundi wa hali ya juu wa studio, lakini anayezisikiliza atatambua jinsi Green anavyojizuia asiwafunike wenyeji wake.

Mafanikio yaliendelea, lakini nyimbo zenyewe zilianza kutoa ishara. Man of the World, iliyofika nambari mbili 1969, ni maungamo ya mtu mwenye kila kitu ambaye hata hivyo anatamani asingezaliwa. Mashabiki waliuimba bila kuutilia maanani. Oh Well, nao ukafika nambari mbili mwaka huo huo, ukiwa nusu roki ya kishindo na nusu gitaa la kimya lenye ladha ya Kihispania. Green alianza kupanda jukwaani akiwa amevaa kanzu ndefu na msalaba mkubwa kifuani.

Lililomsumbua zaidi ni fedha. Picha za njaa ya Biafra, zilizokuwa zikionyeshwa kwenye runinga za Uingereza, zilimchoma, naye akapendekeza kwa wenzake kwamba wajiwekee tu kiasi cha kuwatosha kuishi na faida yote iliyobaki itolewe kwa wahitaji. Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wenzake walisikia, wakatafakari, wakakataa. Ni vigumu kuwalaumu: walikuwa vijana walioanza tu kuonja matunda ya jasho lao. Lakini ni vigumu vilevile kumcheka Green, kwani wazo lake halikuwa la kichaa. Kosa la wengi waliomwandikia habari baadaye ni kuuhesabu ukarimu huo kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa.

Kisha ikaja Munich. Machi 1970, wakiwa katika ziara ya Ujerumani, Green alichukuliwa na vijana wenyeji hadi kwenye jumba walimoishi kijamaa, akatumia dawa ya kulevya ya LSD na kupiga gitaa usiku kucha. Fleetwood na McVie wameshikilia miaka yote kwamba mwenzao hakurudi akiwa yule waliyemjua. Green mwenyewe hakulichukulia tukio hilo kuwa jambo baya kiasi hicho, na ilikuwa wazi kwamba mashaka yake yalikuwa yameanza kabla ya safari hiyo. Alikuwa pia ametumia dawa hiyo mara nyingine.

Wimbo wake wa mwisho na bendi, The Green Manalishi, ulitoka Mei 1970 na kufika nambari 10. Aliutunga baada ya kuota mbwa wa kijani akimbwekea, na alipoamka akaamini kwamba mbwa yule alikuwa fedha. Mwishoni mwa mwezi huo huo, akiwa na umri wa miaka 23, aliiacha bendi.

Yaliyofuata yanasimulika kwa uchungu. Alitoa albamu moja isiyo na uimbaji, The End of the Game, kisha akaanza kugawa mali yake. Mwaka wa 1971, Jeremy Spencer alipotoweka Los Angeles na kujiunga na dhehebu la Children of God katikati ya ziara, Green alikubali kuwaokoa wenzake na kumaliza maonyesho yaliyosalia, kisha akaondoka tena. Alifanya vibarua, ikiwemo kazi ya makaburini. Alifuga kucha zikarefuka hadi asiweze kushika nyuzi. Madaktari walibaini kuwa anaugua skizofrenia, na katikati ya miaka ya sabini akapewa tiba ya mshtuko wa umeme.

Mnamo 1977 alikamatwa kwa kumtishia mhasibu wake kwa bunduki. Masimulizi ya kisa hicho hutofautiana, lakini kiini kinachokubaliwa na wengi ni kwamba hakuwa akidai pesa. Alitaka akome kutumiwa pesa za mirabaha ya nyimbo zake. Mahakama iliamuru apelekwe hospitalini.

Ajabu ni kwamba alirudi. Mwaka wa 1979 alitoa In the Skies, akisaidiwa na mpiga gitaa Snowy White, na katika albamu ya Tusk ya bendi yake ya zamani alipiga gitaa kwenye wimbo Brown Eyes bila jina lake kutajwa. Albamu kadhaa zilifuata hadi 1983, kabla ya kimya kingine cha zaidi ya miaka 10. Katikati ya miaka ya tisini, marafiki zake, akiwemo Nigel Watson na mpiga ngoma Cozy Powell, walimrejesha jukwaani kwa bendi ya Splinter Group, iliyodumu hadi 2004. Vidole havikuwa na wepesi wa zamani. Hata hivyo, katika The Robert Johnson Songbook ya 1998 sauti yake iliyochakaa inazifaa nyimbo hizo za kale kuliko ambavyo ingezifaa ile ya ujana. Mwaka huo huo, Fleetwood Mac ilipoingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa roki nchini Marekani, Green alipanda jukwaani na kupiga Black Magic Woman. Hakuupiga na bendi yake bali na Santana.

Lile gitaa la 1959 nalo lilikuwa na safari yake. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Green alimuuzia kijana kutoka Belfast, Gary Moore, kwa bei ya kutupa, akitaka tu liwe mikononi mwa mtu atakayelipenda. Moore alilitumia kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka wa 1995 akatoa albamu nzima ya nyimbo za Green, Blues for Greeny. Shida za kifedha zilimlazimu kuliuza 2006, na mwaka wa 2014 likanunuliwa na Kirk Hammett wa bendi ya Metallica kwa bei ambayo Green, kwa tabia yake, huenda ingemtia hofu.

Februari 25, 2020, Mick Fleetwood aliandaa tamasha la kumuenzi katika ukumbi wa London Palladium. Walihudhuria David Gilmour, Pete Townshend, Billy Gibbons, Christine McVie na Mayall mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka 86. Hammett alilileta gitaa lile na kulipiga katika The Green Manalishi. Green hakufika. Alikuwa akiishi kimya katika kisiwa cha Canvey, kaunti ya Essex, ambako alipenda kuvua samaki na kuchora. Alifariki usingizini Julai 25 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 73.