Mafundi wa Kisumu na Maduka ya Wazee Wetu

Ndugu waumini, pamoja na majirani zetu wa Susuni, Sirari na Tarime: reli haikufika kwetu. Hata hivyo, misumari, vitambaa na sukari ya maduka ya wazee wetu vilitegemea mikono ya mafundi wa reli waliofanya kazi Kisumu, ng'ambo ya mpaka. Wenye maduka wametajwa mara nyingi katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki. Si haki mafundi wakose hata ukurasa mmoja.

Karakana yao ilikuwa na kazi kabla garimoshi halijaonekana ziwani. Meli ndogo William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa kwa bahari. Iliunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Reli ilifika Desemba 1901. Winifred, Sybil na Clement Hill zilifuata desturi hiyo hiyo. Mabamba ya chuma yalisafiri kwa mabehewa kutoka Mombasa, na mafundi wa Kisumu wakatafutia kila bamba mwenzake na kuyafunga kwa ribiti zilizopashwa moto hadi zikawa nyekundu. Baadaye meli hizo hizo zilipandishwa chelezoni ili matumbo yao yakwanguliwe kutu na kuzibwa. Meli ya ziwani haiwezi kurudishwa kwa aliyeiunda. Ikitoboka, hutengenezwa huku huku au hufa.

Hapa inatupasa kusema kweli, hata kama baadhi yetu hatutapendezwa. Sisi Wagujarati hupenda kujisifu kwamba babu zetu walijenga reli. Watu zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, karibu 2,500 wakafariki, na waliobaki Afrika hawakuzidi 7,000. Wengi wao walikuwa Wapunjabi. Wazee wetu walio wengi walikuja kwa nauli zao, wakafuata njia ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuilipia kwa jasho. Na nyundo za karakana hazikushikwa na Wahindi peke yao: Waafrika wa kando ya ziwa walifanya kazi humo pia.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja la reli na bandari. Meli Victoria, iliyounganishwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961, ilikuwa fahari ya ziwa zima. Sisi wa Tarime tuliitazamia Musoma.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Wenye umri wetu wanakumbuka jinsi ndugu walivyotenganishwa na mwendo wa saa chache tu. Mali ikagawanywa: Victoria na Umoja zikawa za Tanzania, Uhuru ikawa ya Kenya. Chelezo cha Kisumu kilibaki pale pale kilipojengwa. Meli zetu zikapata mwenyewe, zikapotezana na wakunga wao.

Victoria imekwisha kukarabatiwa Mwanza, ikarudi kazini mwaka 2020.

Majina ya waliochangia saruji na mabati ya hekalu letu yameandikwa ukutani. Familia yoyote, ya Kihindi, ya Kijaluo au ya Kikurya, iliyo na mzee aliyewahi kushika nyundo Kisumu, tunaiomba ilete jina lake kwa katibu.