Picha ya Mlima ni Hati: Kutoka Barafu ya Kilimanjaro hadi Malungu ya Ufipa

Katika ofisi nyingi za umma nchini, picha ya Mlima Kilimanjaro hutundikwa ukutani kama pambo, nayo huondolewa kalenda mpya inapoletwa. Mazoea hayo yameathiri hata usomi wetu. Barua ya mkuu wa wilaya tunaiita ushahidi, simulizi ya mzee tunaiita ushahidi, ila picha ya mandhari tunaihesabu kuwa starehe ya macho. Mimi nashikilia kwamba picha hiyo ni hati sawa na nyingine, na kwamba Ufipa inaihitaji hati hiyo sasa kuliko wakati wowote.

Tuanze na Kilimanjaro yenyewe. Mwaka 1912, nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani, Fritz Klute na Eduard Oehler walifanya kazi ya upimaji mlimani humo, na picha walizopiga zikamwezesha Klute kuchora ramani ya barafu yake. Watu hao hawakuwa wakifikiria mabadiliko ya tabianchi. Hata hivyo, watafiti wa baadaye walipoilinganisha kazi hiyo na picha zilizopigwa kutoka angani, walibaini kwamba barafu iliyofunika takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2 ilipofika mwaka 2011. Bila kazi ile, wazee wa Uchagga wangetuambia kwamba barafu imepungua, nasi tungewaamini, lakini tusingekuwa na kipimo cha kuweka mezani.

Kila hati, hata hivyo, ina mwandishi, na mwandishi huchagua. Wapagazi waliobeba mizigo ya misafara ya zama hizo ni nadra kutajwa kwa majina. Mwaka 1959, mwaka uleule Wamaasai walipohamishwa Serengeti, filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu mbuga hiyo ilianza kuonyeshwa Ulaya, ikawazoesha watazamaji kuamini kwamba nchi halisi ya wanyama ni ile isiyo na mtu. Aliyeondolewa kwenye picha ni rahisi kuondolewa kwenye ardhi.

Hapo ndipo Ufipa inapoingia. Uwanda huu ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, wenye milima ya Mbizi inayouangalia mji wa Sumbawanga, si hifadhi ya taifa, na wapiga picha wengi huupita wakielekea Katavi. Anayesimama kidogo huondoka na picha ya nyasi na anga, kisha huandika chini yake neno moja: pori. Neno hilo si kweli. Sehemu kubwa ya uwazi huo ni kazi ya mikono. Kwa vizazi vingi Wafipa wamelima kwa ntumba, yaani vichuguu vya udongo vinavyofukia majani ili yaoze na kuwa mbolea. Miti nayo ilikatwa kwa ajili ya mkaa wa kuyeyushia chuma.

Matanuru ya chuma hicho, ilungu likiwa moja na malungu yakiwa mengi, yalikuwa minara ya udongo inayompita mtu kimo. Hayakuhitaji mivukuto: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, na moto ukawaka mchana na usiku. Padre Wyckaert wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliandika habari za wahunzi hao mwaka 1914. Miongo michache baadaye, majembe ya kiwandani kutoka nje yalikuwa yamekwisha kuuzima moto huo. Minara iliyobaki inaliwa na mvua kila masika.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo huhitaji kutangazwa rasmi na Waziri. Ilungu lililowashwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, basi, linaweza kuanguka bila sheria kuvunjwa na yeyote. Anayetaka litangazwe atatakiwa kuonyesha liko wapi, lina hali gani, na linaharibika kwa kasi gani. Majibu hayo hutolewa na picha zenye tarehe, zilizopigwa mahali palepale mwaka hadi mwaka.

Nasisitiza pia picha za usiku. Bamba za kioo za enzi za Klute zilidai mwanga mwingi, hivyo kumbukumbu tuliyorithi ni ya mchana karibu yote. Kamera ya leo, ikiwekwa juu ya miguu mitatu na lenzi kuachwa wazi kwa sekunde 20 au 30, huona nyota. Wakati wa kiangazi anga la Ufipa ni angavu, na Kilimia, nyota ambazo jina lake linatokana na kulima, huonekana vizuri kabla ya alfajiri. Picha ya namna hiyo ikipigwa kila mwaka kutoka mgongo wa Mbizi itaonyesha jambo jingine pia: taa za Sumbawanga zimefika wapi, na ni vijiji gani vingali gizani. Mpangaji wa maendeleo asiidharau takwimu hiyo.

Kwa wanafunzi wangu, basi, ombi ni hili. Mkienda likizo Nkansi, Kalambo au Sumbawanga, pigeni picha ya ilungu mnalolijua, usiku na mchana. Andikeni tarehe, kijiji, upande mliosimama, na jina la mzee aliyewaonyesha, kwa idhini yake. Na nyinyi watumishi wa halmashauri, zipokeeni picha hizo masjala, mzipe namba ya jalada kama barua nyingine yoyote.